Namba Iliyogoma Kugawanyika, Pito

Leo nimeaibika mbele ya posta nzima. Na niungame kabisa: naogopa kuhesabu watu. Nimekana miaka yote, hata gazetini nimewacheka wanaoogopa. (Elimu ya chuo kikuu ni koti tu. Baridi ya Ufipa hupenya.)

Asubuhi nilikuwa Pito kwa shangazi. Ukungu ulikuwa umekaa hadi mlangoni. Shangazi alikuwa na wasiwasi: mwanawe Deo aliondoka juzi kwa lori kwenda Mbeya, na hakuna habari. Nikaona nimchangamshe kwa hesabu. (Ndiyo. Kwa hesabu.) Nikachukua mkaa, nikaandika ukutani tarakimu ya moja mara kumi na tisa: 1111111111111111111.

"Shangazi, hii ni namba moja, kubwa ajabu. Haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Ukijaribu nyingine, lazima kitu kibaki!"

Shangazi aliziangalia zile moja, zimesimama mstari kama watu.

"Umetuhesabu?"

"Hapana, shangazi!"

"Wa nyumba hii tuko wangapi?"

Kumi na tisa, pamoja na Deo. (Naapa sikuwa nimefikiria.)

"Watu hawahesabiwi, binti yangu. Ukihesabu, kuna anayesikia."

Nikacheka, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi, mzee jirani alikuwa ukutani, anazifunika moja zangu kwa vidole: mbili, mbili, mbili.

"Mwalimu, namba yako inagawanyika. Zimekaa jozi jozi, hakuna iliyobaki. Kila jozi ni kumi na moja, na kumi na moja imeimaliza."

"Haiwezekani!"

Nikahesabu. Kumi na nane. Ya mwisho haikuwepo. Pale ilipokuwa, udongo mweupe ulikuwa safi, kama haujawahi kuguswa na mkaa.

"Nani amefuta?"

 

Shangazi akakaa chini. "Deo," akasema.

Mimi, msomi, nilikimbia hadi mjini na kanga kiunoni. Nikaingia posta, chini ya picha ya Malkia wa Waingereza, nikapiga kelele:

"Karani! Nipigie Mbeya, kwa tajiri wa lori! Moja imepotea!"

"Moja nini, Mwalimu? Kifurushi?"

"Namba! Ilikuwa haigawanyiki, sasa inagawanyika kwa kumi na moja, kwa hiyo Deo amekufa!"

Foleni nzima iligeuka. Mzazi wa mwanafunzi wangu akasogea pembeni taratibu, kama mtu anayempisha ng'ombe mkali.

Karani akahangaika na simu, kisha akanipa. Mkwaruzo, mkwaruzo. Halafu sauti ya Deo, mzima kabisa! Nikalia, nikacheka, nikamtukana. Foleni ikacheka pamoja nami. (Nyie msicheke. Bado.)

"Rudi basi, mama yako anakufa kwa hofu kwamba umetupotea."

Deo akashusha sauti.

"Dada, nani amekwambia? Nimetia dole gumba kwenye mkataba wa mgodini asubuhi hii hii. Sirudi tena. Na sijamwambia mtu."