Neno la Siri la Mashine ya Kengele

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku imeanza vibaya. Madam Weris, mwalimu mkuu wetu, ametuita ofisini mimi na Koricha, fundi mwenzangu wa kompyuta. Muhula ujao shule itabaki na fundi mmoja tu. Mmoja! Jina atalitangaza Ijumaa, kwenye dua ya wasichana wa kidato cha nne, mbele ya wazazi na bodi nzima. Nikamtazama Koricha. Anatabasamu. Mtu anayetabasamu wakati kama huo ana lake jambo.

Nikikosa nafasi hii narudi Ijara kuchunga mbuzi. Hooyo, mama yangu, aliuza ngamia wawili ili nisome kompyuta hapa Garissa. Ameitangazia Ijara nzima kwamba mwanawe Mursal ni injinia. Na Abti Hanad, kaka yake, sikukuu ya Idd aliniuliza mbele ya wageni kama kompyuta inakamuliwa asubuhi au jioni. Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Siwezi kurudi kule. Wallahi siwezi!

Lakini mimi si mjinga. Nina mashine ya kengele! Ile kompyuta kuukuu iliyo stoo, kando ya ofisi ya Madam, nzito kama gunia la sukari. Mimi ndiye niliyeiunganisha na vipaza sauti. Inapiga kengele ya masomo, ya chakula, ya kulala. Ile ya kuamsha ni sauti yangu mwenyewe, nimeirekodi kwa ukali kidogo, maana mabweni yetu yanapenda usingizi. Hainyamazi mpaka mtu abonyeze kibodi.

Mpango: anayeishika mashine ya kengele ameishika shule. Baada ya swala ya alasiri nikajipenyeza stoo. Nikaiwasha huku nabonyeza F2, ukafunguka ule ukurasa wa buluu wa BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa ambayo walimu hata hawajui kama ipo. Nikaweka neno la siri. Bila neno hilo mashine haiwaki, aje nani, aje nani! Nimetumia jina la ngamia wa Hooyo, yule aliyeuzwa kwanza. Silitaji hata humu. Nimeliandika mara mbili, likakubaliwa. Vinyota vilionekana vichache kuliko nilivyotarajia, lakini nani ana muda wa kuhesabu vinyota?

Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikageuza kibodi juu chini nikaikung'uta. Mchanga uliotoka! Nusu ya mji ilikuwa humo. Sasa inang'aa. Madam akipita ataona kazi ya mtu.

Jumanne, 15 Oktoba

Stima ilipotea alfajiri. Iliporudi, mashine ikadai neno la siri, kama nilivyotaka. Kengele kimya. Wasichana wamelala fofofo. Madam akatuma mtu aniite mbio. Nikaenda mwendo wa polepole, wa maringo, ili waone hali ikoje bila mimi.

Nikaandika jina la ngamia. Imekataa!

Nikaandika tena. Imekataa. Mara ya tatu ikajifunga yenyewe, mistari myeupe kwenye weusi, haitaki kusikia la mtu. Nikazima, nikawasha. Herufi kubwa. Herufi ndogo. Jina la ngamia wa pili. Jina la ndama wake. Nimewaita ngamia wote wa ukoo wetu na hakuna aliyeitika.

Madam mlangoni, mikono kiunoni. Anauliza kuna nini. Nikasema ni matengenezo ya kawaida. Akauliza matengenezo ya kawaida ndiyo yanamtoa mtu jasho hivyo. Nikasema ni joto. Akatazama feni iliyokuwa inazunguka juu ya kichwa changu, akaondoka zake. Afadhali angenigombeza.

Nje, Timiro, kiranja wa kengele niliyemnyang'anya kazi mwaka jana, amerudia rimu yake ya gurudumu iliyoning'inia kando ya jiko. Anaigonga kwa nondo kwa furaha isiyo na haya. Kila akigonga, moyo wangu unaruka.

Halafu akaja Koricha na ule upole wake unaoudhi. Akaiangalia skrini, akaiangalia kibodi. Akasema kitufe cha herufi a kilikuwa kimekwama kwa mchanga tangu muhula uliopita, kilikuwa hakiandiki. Labda neno liliingia bila a, na sasa kibodi ni safi, kwa hiyo a zinaandikika na mashine haizitambui. Akanishauri nijaribu kuliandika bila a.

Nilicheka sana. Mchanga na neno la siri vina undugu gani? Nimemwambia asante, walaal, ndugu yangu, kila mtu na kazi yake.

Sitajaribu. Kwanza ni upuuzi. Pili, nikijaribu na ikafunguka, itakuwa yeye ndiye aliyeifungua.

Jumatano, 16 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimesoma kwenye simu kwamba ukitoa kale kabetri ka duara kalikoko ndani ya kompyuta, mipangilio yote ya BIOS inasahaulika, hata neno la siri. Kumbe dawa ipo! Na haina uhusiano wowote na Koricha.

Nilisubiri wenzangu waende msikitini kwa adhuhuri. Nikaswali upesi stoo, Mungu anisamehe ile rakaa ya mwisho. Nikafungua mashine. Bisibisi sikuwa nayo, nikatumia mpini wa kijiko cha jikoni. Kabetri kakaruka kama panzi! Kakaangukia katikati ya magunia ya maharagwe. Nimetafuta kwa mikono, kwa magoti, kwa tochi ya simu. Hakapo. Wasichana watakala.

Betri, betri, nitoe wapi betri? Sokoni ni mbali na Madam yuko getini. Nikakumbuka mashine ya Koricha kule maabara. Inafanana na hii kama mapacha. Si wizi. Betri zote ni za shule. Nikaichomoa ya kwake, nikaipachika kwenye mashine yangu, nikaifunga yake vizuri ili asihisi kitu.

Nikawasha. Neno la siri halipo! Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Furaha ilidumu kidogo tu. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika kwamba diski haina mfumo, niweke nyingine. Yaani kila kitu kimefutika? Ratiba ya kengele? Sauti yangu?

Jioni Koricha ameripoti kwamba mashine yake imesahau tarehe na inadhani ni mwaka 2008. Nikasema pole sana, mashine za zamani hizi hazitabiriki. Akasema atanunua betri kwa fundi wa saa. Hakukasirika hata kidogo. Kwa nini hakasiriki? Anapanga nini huyu?

Alhamisi, 17 Oktoba

Hooyo amepiga simu. Yuko njiani kutoka Ijara. Anakuja kwenye dua! Anataka kusikia jina langu likitajwa kwa masikio yake. Na anakuja na Abti Hanad. Nikamwambia njia ni mbaya, asijichoshe. Akasema hata ingekuwa ya miiba angekuja.

Nimechunguza mashine tangu asubuhi. Nimechomoa vipande vya kumbukumbu, nikavisugua kwa kifutio cha penseli kama tulivyofundishwa chuoni, nikavirudisha. Sasa haiwaki kabisa, inalia tu. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu. Kumbe kipande kimoja hakikuingia vizuri. Nikakikandamiza kwa nguvu zote, mlio ukakoma. Alhamdulillahi! Lakini yale maandishi bado yapo. Diski haina mfumo, haina mfumo, haina mfumo.

Koricha alichungulia, akauliza kama kuna kitu kimechomekwa nyuma ya mashine. Nikasema mimi si mtoto.

Alipoondoka nikatia mkono nyuma kutafuta waya. Nikagusa kitu chenye joto. Flashi yangu! Ile ya video za harusi ya binamu yangu Hamse, niliiacha hapo sijui lini. Baada ya BIOS kusahau mipangilio yake, ilikuwa inaanza kutafuta mfumo kwenye harusi ya Hamse badala ya diski yake yenyewe. Nikaichomoa. Mashine ikawaka!

Nimemwambia Madam kwamba nimeujenga mfumo upya kutoka chini. Aliguna. Mimi naona ni mguno mzuri.

Kila ikiwaka inalalamika kwamba tarehe na saa havijawekwa, nibonyeze F1. Jambo dogo. Nimeizima. Nitaliweka sawa kesho mbele ya Madam mwenyewe, aone kwa macho.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mkono hautaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilimwomba Madam aje stoo ashuhudie. Alikuja, wageni wakiwa tayari getini, amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. Nikafungua BIOS. Tarehe nikaweka. Nikamuuliza ni saa ngapi. Akatazama saa yake akasema ni saa mbili. Nikaandika mbili, sifuri, sifuri. Nikaweka neno jipya la siri. Kibodi nikaifungia kabatini, mlango wa stoo nikautia kufuli langu, ili mtu mwenye nia mbaya asiguse kitu. Madam akasema vizuri. Vizuri! Mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Hema limejaa. Hooyo kakaa mbele, kavaa dirac, gauni lake refu la sikukuu. Abti Hanad pembeni yake, anautafuna mswaki. Bodi kwenye viti vya plastiki. Mzee Yarow, mwenyekiti wa bodi, akashika kipaza sauti kuwausia watahiniwa. Mzee Yarow akianza hamalizi. Joto likazidi. Mwanabodi mmoja kidevu kikamwangukia kifuani, kisha wa pili, kisha safu nzima. Karibu saa tano Mzee Yarow akafika kwenye umuhimu wa subira.

Hapo vipaza sauti vyote vya shule vikalipuka kwa sauti yangu. Amkeni! Amkeni, wavivu nyinyi! Usingizi wenu naunusa mpaka huku! Inukeni mkanawe nyuso!

Bodi iliruka kama mtu mmoja. Yule wa kwanza alisimama, akauliza maji ya udhu yako wapi. Mzee Yarow akageuka kulia, kushoto, akidhani ametukanwa na mzazi. Na sauti haikomi! Amkeni! Wavivu nyinyi! Wasichana wanalia kwa kicheko. Mzee Yarow akanguruma kwenye kipaza sauti akitaka kujua ni nani huyo anayewatukana wazee.

Hooyo akasimama. Hooyo wangu! Kwa sauti kubwa, uso umejaa nuru, akawaambia watu wote kwamba huyo ni mwanawe, Mursal, injinia!

Nilikimbia. Kufuli. Ufunguo ukaniponyoka mara mbili. Kabati. Kibodi haichomeki. Amkeni! Amkeni! Mwishowe ghafla kimya. Koricha alikuwa amezima swichi kuu ya shule.

Jina halikutangazwa. Dua ilisomwa haraka haraka.

Koricha akanieleza baadaye, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze. Mashine inahesabu tangu saa sita ya usiku. Saa mbili yetu ya asubuhi kwake ni nane. Mimi nikaandika mbili, ikaamini ni usiku mkubwa. Kwa hiyo saa tano yetu kwake ilikuwa tano ya alfajiri, wakati wa kuamsha mabweni.

Kosa ni la Madam. Yeye ndiye aliyesema mbili.

Abti Hanad aliniaga akiniuliza kama leo imekamuliwa. Hooyo alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema sauti ilisikika vizuri sana. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Madam ameniita. Nilijua nafukuzwa. Nilikuwa nimeshafunga begi.

Haikuwa hivyo. Ni mbaya zaidi. Kumbe Koricha alimwambia tangu wiki iliyopita kwamba haitaki ile nafasi. Amepata kazi Eldas, karibu na kwao. Jina lilikuwa moja tu tangu mwanzo. Langu! Madam mwenyewe ndiye aliyemwalika Hooyo, alitaka kulitangaza mbele yake kama heshima kwake. Ilikuwa nisiguse chochote, nikae tu, Ijumaa ifike.

Sasa Mzee Yarow ameapa hataki kusikia jina langu mwaka huu. Madam amemsihi Koricha abaki muhula mmoja zaidi, naye amekubali. Mimi nitakuwa msaidizi wake. Nikitulia, mwisho wa muhula yeye ataondoka na kazi itakuwa yangu. Ninalotakiwa kufanya ni kutogusa kitu bila kuambiwa. Nimeapa. Nimemshukuru Madam mpaka akaniambia inatosha.

Koricha amenipa mkono. Amenipa na ufunguo wa maabara, eti tuaminiane. Ametabasamu.

Nimelifikiria tabasamu hilo mchana kutwa. Mtu ana kazi Eldas, karibu na mama yake, anakubali kubaki hapa kwa urahisi hivyo? Kwa nini? Mwisho wa muhula ataniambia ameipenda Garissa. Naliona jambo hili likija kwa mbali!

Mtu mwenye akili hujikinga mapema. Baada ya swala ya alasiri nimeingia maabara, nikawasha mashine ya Koricha, nikabonyeza F2. Nimeweka neno la siri. Safari hii ni jina la ngamia wa pili, hakuna atakayelikisia. Vinyota vilikuwa vichache, lakini kibodi yake ni chafu ajabu, mtu hata haoni anachobonyeza. Kwa hiyo nilipomaliza nikaigeuza juu chini nikaikung'uta vizuri, mchanga wote ukatoka. Sasa inang'aa.