Miwani Nyeusi na Jogoo wa Wakwe

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Wakwe wanakuja Jumamosi! Watu wa mchumba wa binti yangu Nekoye, kutoka Samia, watu wa samaki. Na mimi kwa mdomo wangu huu nimetuma neno kwamba watakula samaki wa ziwa letu la Naivasha niliyemvua mwenyewe. Nani alinituma? Leo nimekaa ukingoni na ndoano tangu asubuhi. Maji yanang'aa kama bati jipya. Miwani yangu ya daktari, ambayo bila hiyo sitofautishi ng'ombe na choo, haisaidii kitu. Jirani yangu Wachuka alikuwa anafua karibu. Kwao samaki ni nyoka wa maji, hamgusi, lakini ndiye anayewaona! Ati Mama Nekoye, huyo hapo mguuni pako. Ati ameenda. Ati amerudi, anakucheka. Kelele tupu!

Jumanne, 6 Agosti

Kimaiyo, yule anayepiga makasia wazungu wakivua, anasema kuna miwani inayoondoa mng'ao wa maji ukaona samaki mpaka chini. Inauzwa Nakuru. Ati nisiangalie weusi wake. Niishike juu ya maji kwenye jua, niigeuze pole pole. Mng'ao ukififia, ndiyo yenyewe. Na kwa kuwa navaa ya daktari, nitafute vioo vya kubana juu yake. Sasa mimi, mama wa watoto sita, nifundishwe kuchagua kitu dukani? Na mtu aliyefunga vifungo vya shati upande!

Jumatano, 7 Agosti

Nimepanda lori la kabichi, jogoo kwapani. Ndiye jogoo wa wakwe, najua. Kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku hajapokewa. Lakini akila samaki, atamkumbuka kuku? Nikamuuza sokoni Nakuru.

Dhanji mwenye duka akanitolea vioo vya kubana. Rangi ya chai ya mchoyo! Akaleta karai la maji mlangoni nijaribu. Nikamwambia baba, sikuja kuoga. Nikachagua nyeusi tititi, pana, ya kuvaa juu ya ile yangu. Akasema mama, hiyo ni giza tu, mng'ao utabaki. Mwone! Anataka kunibandika ile iliyokaa dukani mpaka ikapauka.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimevaa zote, moja juu ya nyingine, ile nyeusi nimeifunga kisogoni kwa kamba ya katani. Saa sita mchana ikawa jioni. Mng'ao uko pale pale, ila sasa samaki hata kivuli sikioni. Mara ndoano ikashika kitu kizito. Nikapiga vigelegele! Nikavuta kwa nguvu zote. Blanketi la Wachuka, alilokuwa ameloweka. Likapasuka katikati. Akaniita kipofu wa madirisha manne. Tukavutana, ile ya daktari ikachomoka chini ya nyeusi, chubwi, majini!

Kimaiyo akaja amevaa vioo vya bwana wake, vile vile vya rangi ya chai. Akatazama mara moja, akatia mkono, akanitolea miwani yangu. Akaongeza kwamba samaki watatu wako hapo hapo. Basi ana macho makali, ndiyo sababu ya kuringa?

Jumamosi, 10 Agosti

Samaki hakuna. Jogoo hakuna. Nekoye amelia jikoni, mama, hata kuku? Moyo wangu ukapasuka kama lile blanketi.

Saa nne akaingia Wachuka na kuku wake wa mayai, amekwisha kumnyonyoa. Akasema mtoto hatakosa nyumba kwa ajili ya kichwa cha mama yake, na blanketi nitalishona. Nikamshika mkono, nikampokea kuku.

Mama wa mchumba akala mapaja mawili, akamshukuru Mungu. Ati alikuwa anaogopa atapewa samaki, kwao ni samaki Jumatatu mpaka Jumatatu. Samaki wangu anadharauliwa hata kabla hajavuliwa! Lakini wamekubali. Nekoye wangu ataolewa! Wameacha na jogoo wa shukrani, mwekundu, mkubwa kuliko yule wangu.

Jumapili, 11 Agosti

Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nafikiri. Harusi ni Desemba, na yule mama lazima ale samaki wangu, ajue. Kosa nimeliona: ile miwani haikuwa nyeusi ya kutosha. Dhanji ana nyingine dirishani, kama makaa.

Jogoo mwekundu nimemfunga mguu. Lori la kabichi linaondoka Jumatano.