Uzinduzi wa Kasha la Kufungia Simu za Madereva

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru dakika za mwisho na kuniteua nimwakilishe, hivyo naomba nijisalimu kwa heshima anayostahili. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wakurugenzi, makamu wakurugenzi, kaimu makamu wakurugenzi na wote mnaokaimu nafasi za wanaokaimu. Wataalamu wetu wa usalama barabarani mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa. Viongozi wa dini zote. Wenzetu wa vyombo vya habari, hasa redio, ambao tumetoka nao mbali. Mke wangu mpenzi. Wadau, yaani mastekiholda, mliosimama juani kwa hiari yenu. Fundi cherehani wetu na mkewe, ambao wamewekewa kiti kimoja mstari wa mbele. Na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.)

Ndugu zangu, leo tunazindua. (Makofi.) Nasema tena, tunazindua. Tunazindua Mradi Jumuishi wa Kasha la Kufungia Simu za Madereva, ambao katika rodimapu yetu ya kimkakati ndio nguzo mama ya utekelezaji wa sheria inayopiga marufuku simu na vifaa vyote vya kielektroniki mikononi mwa mtu anayeendesha chombo cha moto. Sheria niliyoiandaa mimi, nikaitetea mimi, na asubuhi ile isiyosahaulika nikaitia saini mimi, kwa kalamu ambayo sasa imehifadhiwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi.

Yapo maneno mitaani kwamba siku hiyohiyo nilipata ajali. Ninapenda kuliweka jambo hili bayana, kwa uwazi na uwajibikaji, tangu mwanzo hadi mwisho, maana wahenga walisema mficha uchi hazai.

Asubuhi ile, wino ukiwa haujakauka, dereva wangu aliomba ruhusa ampeleke mama yake kliniki. Nikampa, kwa kuwa mimi ni mtu wa watu, nikashika usukani mwenyewe. Nilipofika hapa kwenye barabara hii ya maduka, simu ikalia. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Akaniambia, "Mheshimiwa, tuko hewani moja kwa moja, wasikilizaji wanataka kuijua sheria mpya. Uko mahali pazuri pa kuongea?" Ndugu zangu, kiongozi hamkimbii mwananchi. Nikamwambia niko ofisini. Akasema, "Mbona nasikia honi?" Nikamwambia ni mlango wa ofisi, tutaupaka mafuta. (Vicheko nyuma.) Sioni cha kuchekesha. Mlango ule kweli unalia.

Nikaweka sauti kubwa, nikawaeleza wasikilizaji mambo matatu. La kwanza, dereva asipokee simu. La pili, dereva asipige simu. La tatu, macho ya dereva yasibanduke barabarani hata kwa kufumba na kufumbua. Na hapo ndipo nilipoinama kulisoma vizuri hilo la tatu, kwa sababu maelezo yake nilikuwa nimeyahifadhi ndani ya simu ileile.

Tukaingia dukani kwa fundi. Nasema tukaingia, kwa maana ya mimi na gari. Fundi alikuwa mlangoni kwenye cherehani yake, pale penye mwanga, akishona sare za wanafunzi, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Mkewe alikuwa uani akipepea pasi ya mkaa. Alitoka mbio na pasi yake mkononi, na sauti yake ikasikika kila palipokuwa na redio: "Wewe baba! Mume wangu yuko chini ya gari lako, unaongea na nani?"

Nikamwambia, "Naongea na redio, mama."

Mtangazaji naye akauliza, "Mheshimiwa, kuna usalama huko?" Nikamjibu, kwa utulivu ambao wataalamu wa mawasiliano wananisifia hadi leo, kwamba usalama upo, tumepata tu mgeni ofisini, kisha nikamalizia jambo la tatu. (Sauti ya mtu nyuma: "Ulimalizia!") Nilimalizia, ndiyo. Mimi si mtu wa kuacha kazi nusu.

Hapa naomba nitambue mchango wa sekta binafsi. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja, mchomelea mageti akaja na miwani yake usoni, muuza nyanya akaja na nguvu zake zote, wakaliinua gari kwa mikono wakamtoa fundi. Mimi sikuweza kushuka kusaidia kwa sababu nilikuwa nimefunga mkanda, kwa mujibu wa sheria nyingine.

Madaktari walifanya kila waliloweza, wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Nilikwenda kumjulia hali nikiwa na wapiga picha, nikamkabidhi cheti cha ushiriki chenye fremu ya dhahabu, yaani rangi ya dhahabu. Akakitazama, akakiweka kando ya mto. Akaniuliza, "Mheshimiwa, zile sare zimepona?"

Nikamwambia hali ya sare inafanyiwa tathmini.

"Na ile sheria, imeanza?"

"Imesainiwa," nikamjibu.

"Basi ianze na wewe."

Hakusema kwa hasira, ndugu zangu. Alisema kama mtu anayekuuliza unapenda suruali iishie wapi. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimkanda vidole vya ule mguu uliobaki, hakuinua uso. Nikawatakia heri, wapiga picha wakatangulia kutoka.

Serikali yenu sikivu haikulala. Niliunda kamati huru ya uchunguzi, nikawa mwenyekiti wake, ili tusiingiliwe na watu wasiolijua tukio lenyewe. Kamati ilibaini kwamba duka lilikuwa limesimama mahali pale bila kutoa taarifa kwa watumiaji wa barabara. Ilibaini pia kwamba gari lilikuwa linakwenda mbele, jambo ambalo ndiyo kazi ya gari. Na ilibaini kwamba chanzo hasa ni simu. Hatukuoneana haya! Simu ile ikakamatwa, iko kizuizini hadi leo, nami nimepewa nyingine yenye kioo kikubwa zaidi. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye vitambaa.) Ama kuhusu tarehe ya kuanza kwa sheria, wanasheria wetu walishauri kwamba sheria ikianza kwa kumshika aliyeitunga italeta mgongano wa maslahi, hivyo tukaisogeza mbele kidogo hadi mazingira wezeshi yatakapopatikana. (Mzee mmoja: "Yatapatikana lini?") Mzee wangu, yatatangazwa.

Sasa niwaambie jambo ambalo halimo kwenye ratiba. Fundi alipotoka hospitali nilipita dukani kwake, siku hiyo kwa miguu, gari likiwa gereji. Kabla sijafika nikasikia cherehani inalia. Nikajiuliza, inaliaje, na mguu wa kukanyaga haupo? Nikachungulia. Fundi amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya kitambaa, na mkewe amekaa kigoda kando yake, ameingiza mguu wake chini ya meza, ndiye anayekanyaga. Yeye anakanyaga, mume anaongoza kitambaa. Kwenye kona, mume akisema "taratibu, mke wangu," mguu unapunguza. Akisema "haya," unachapa mwendo. Zilikuwa ni zilezile sare. Shule zilishafunguliwa zamani, na wazazi wengine walikuwa wamekwenda kununua kwingine, lakini wao walikuwa wanazimaliza.

Fundi akaniona. Akasema, "Karibu, Mheshimiwa. Leo umekuja bila gari. Ingia basi, mlango tumeupanua." Mkewe hakuacha kukanyaga. Nilisimama pale, nikajikuta nafuta macho. Nilikwenda kupimwa, daktari akasema ni vumbi. Lakini kama mtaalamu wa uchumi nilitambua mara moja kwamba pale palipokuwa na ajira moja sasa zipo mbili, ongezeko la asilimia mia, na takwimu hiyo nimeshaiingiza kwenye ripoti ya mwaka. (Makofi machache. Yanakoma.)

Na sasa nije kwenye mafanikio ya pailoti, yaani majaribio, ya mradi wetu, ambayo imefanyika katika barabara hii. Tangu masika, dereva akipita hapa na simu sikioni, mke wa fundi anasimama mlangoni anagonga vifuniko viwili vya sufuria. Muuza nyanya akisikia, anagonga ndoo. Mchomelea mageti anagonga geti. Kinyozi hana cha kugonga, anapiga mluzi. Dereva anafuatwa na kelele kutoka duka hadi duka mpaka aibu imshike, aweke simu chini. Watoto sasa wanavuka kwenda shule bila kushikwa mkono. Hii, ndugu zangu, ni inovesheni ya ofisi yangu. (Miguno.) Ofisi yangu haikujua, lakini iliunga mkono.

Kasha lenyewe ni teknolojia ya hali ya juu. Litafungwa kwenye dashibodi ya kila gari, pikipiki na trekta. Gari likiwaka, kasha linafunga. Gari likizimwa, kasha linafungua. Halishiki moto, haliingii maji, na mtu akipiga simu lenyewe litapokea kwa sauti ya upole na kusema mwenye simu yuko kazini. Utafiti umeonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya madereva wetu wana macho mawili, hali inayotupa mtaji mkubwa sana wa uangalifu, na kupitia kasha hili tutahakikisha macho yote mawili yanatumika kwa tija kwa wakati mmoja. (Makofi. Mke wa fundi anasimama. Mtumishi wa itifaki anamwashiria akae. Hakai.)

Mwacheni. Mwacheni, huyu ni mdau wetu. Sema, dada yangu, kwa kifupi.

(Mke wa fundi: "Nataka kuliona hilo kasha.")

Dada yangu, tuelewane. Ajali haina kinga.

(Mke wa fundi: "Haina kinga, lakini ina namba ya gari. Jana tumemsimamisha dereva wa lori kwa vifuniko vya sufuria. Akashuka, akaomba radhi, akazima simu, akaenda zake. Hakuwa na kasha, alikuwa na aibu. Sisi tumechoka kugonga, mzee. Mimi nikigonga, cherehani inasimama, kwa sababu mguu ni huuhuu mmoja. Sheria uliitia saini wewe. Kesho ianze, na aliyemgonga mume wangu aitwe kituoni kama mtu mwingine yeyote. Hayo mengine fungeni kwenye makasha yenu.") (Makofi marefu, kutoka kwa waliosimama.)

Nakushukuru kwa fidibeki chanya. Imepokelewa, itachakatwa. Sasa tuamke kidogo kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Simu," mnaitikia "Kashani!" Simu! (Viti vyenye vitambaa: "Kashani!") Sijasikia upande wa juani. Simu! (Umati: "Lini?") Hapana, kashani. Dereva makini! (Umati: "Lini?") Taifa salama! (Umati: "Lini?")

Vizuri sana, hamasa ipo.

Nimalizie kwa shukrani, ambazo katibu muhtasi wangu ameziandika kwa umakini mkubwa, nami katika utumishi wangu wote sijawahi kuruka neno lililoandikwa. Ninawashukuru wahandisi waliobuni kasha, mabano, Mheshimiwa usitaje majina kwa sababu hatujampata hata mmoja, funga mabano. Ninakishukuru kiwanda kilichotengeneza makasha ya awamu ya kwanza, mabano, hakijajengwa, funga mabano, kwa uzalendo wake. Ninawashukuru wafadhili wetu, mabano, barua ya kuwaomba bado iko mezani kwako ikisubiri saini tangu mwaka jana, funga mabano, kwa kutuamini. Ninamshukuru fundi kwa kukubali kuwa balozi wa mradi, mabano, hajaulizwa, funga mabano.

(Fundi anashika magongo yake, anainuka. Mkewe anakunja kile kiti kimoja, anakitia kwapani. Kinyozi, mchomelea mageti na muuza nyanya wanawapisha njia, kisha wanawafuata. Mtangazaji wa redio anachukua kinasa sauti chake, naye anawafuata. Umati unageuka.)

Jamani, tuketi, tuketi, bado kidogo. Na mwisho kabisa, kwa namna ya pekee, nawashukuru ninyi wananchi kwa kuupokea mradi huu, mabano, ukiulizwa uko wapi sema uko mbioni, funga mabano. Uko mbioni. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi kutoka kwenye kiti kimoja. Ni mke wa Mheshimiwa.)