Kahawa ya Nyamwamba United

Mwaka wa 1967, nyuma ya soko la Kasese, Erifazi alikuwa akila samaki wa kukaanga alipogundua kwamba samaki huyo amefungwa ndani ya utajiri. Gazeti lililolowa mafuta lilieleza jinsi klabu moja ya Kampala ilivyopata wafadhili na washirika wa kuwafundisha mpira watoto wa mitaani. Erifazi alisoma, akalamba vidole, akasoma tena. Watu wa Kampala walikuwa na watoto, mpira na wafadhili. Yeye hakuwa na watoto wala mpira, lakini wafadhili, kwa hisani ya ulimi wake, wangepatikana.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Nyamwamba United, klabu ambayo haikuwahi kufungwa kwa kuwa haikuwahi kucheza. Erifazi alijiteua Mkurugenzi wa Programu ya Jamii. Haki itendeke: hata yeye alicheka alipojiteua, kwani mara ya mwisho alipopiga mkwaju, kilichoingia golini kilikuwa kiatu.

Alipanda mlimani hadi Kyarumba msimu wa kahawa, akawahutubia wanawake wakulima mbele ya nyumba ya Bulandina, mjane aliyeheshimiwa kilima kizima.

"Watoto wa Bwera, kule mpakani, watacheza, watajifunza usafi, wataacha ulevi!"

"Watoto nakunywa pombe?" aliuliza Bulandina.

"Ndiyo maana tunawahi, mama."

Wanawake waliguswa. Kila mmoja aliahidi kikapu cha kahawa kavu. Vikijumlishwa, magunia sita. Erifazi aliyaona yakiuzwa Bwera, akajiona mwenyewe ndani ya treni ya Jumamosi, akienda kuanza maisha Kampala, mji pekee uliobaki ambao haukumjua.

"Basi Alhamisi nitaleta lori," alisema.

Bulandina alimtazama kwa huruma. "Lori ya nini? Wewe nazaliwa wapi, mwana wangu? Zawadi ya kwetu hapana tembea peke yake. Sisi nabeba, sisi nafikisha kwa mwenyewe, sisi nakaa siku tatu, naona kazi yake. Halafu narudi."

Erifazi alizaliwa kilima cha pili kutoka pale. Miaka kumi ya ujanja wa mjini ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa mlimani analijua.

Ikambidi atafute huyo "mwenyewe" wa kupokea zawadi. Alishuka Bwera kwa Laurentine, mfanyabiashara aliyekuwa amekimbia kutoka Butembo, Kongo, na sanduku moja, na sasa alikuwa na stoo ya mabati na vitenge hadi darini.

"Na miye niko nani mu hii mambo?" aliuliza Laurentine.

"Rais wa Washirika, dada. Unapokea, unashukuru. Wakiondoka tunauza, tunagawana nusu kwa nusu."

"Na hii klabu iko wapi?"

"Haipo."

"Bon, muzuri. Basi kazi haiko mingi."

Alhamisi adhuhuri wanawake ishirini waliingia Bwera wakiimba, vikapu vichwani. Laurentine aliwangoja katika kitenge chake cha misa, katekista upande wa kulia, na nyuma yake watoto arobaini aliowakusanya mwenyewe. Alipiga magoti, akapokea kila kikapu kwa mikono miwili. Kisha akasimama.

"Ba mama, hii kahawa, kila punje, iko ya batoto! Mutu ataigusa, hata kama iko huyu Mukurugenzi, Monsieur le Directeur, Mungu atamuona, na miye nitamuona."

Erifazi alipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Hakuwahi kusikia uongo uliosukwa vizuri namna ile, na alijivuna kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu mtihani. Alikuwa bado anapiga makofi wakati stoo inafungwa na ufunguo unatumbukia kifuani mwa Rais.

"Sasa tuonyeshe kazi," alisema Bulandina, akikaa chini.

"Directeur anaanza sasa hivi," Laurentine alijibu, akatoa mpira mpya na filimbi.

Erifazi alimsogelea, akanong'ona, "Dada, na nusu yangu?"

"Sema na sauti, Directeur! Ba mama basikie."

Erifazi aliwatazama wanawake ishirini waliotoka mlimani na mizigo kichwani tangu alfajiri, shingo zao zikiwa imara kama nguzo. Akapuliza filimbi.

Alikimbia Alhamisi, akakimbia Ijumaa. Jumamosi, saa ambayo treni ilikuwa ikiondoka Kasese, alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, watoto arobaini wakimkimbilia kumtoa huku wakimwita "Mwalimu". Alijicheka, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumcheka ambaye angeelewa utani wote.

Ndipo lori lilipopita kando ya uwanja, likielekea mpakani. Nyuma, magunia sita. Mbele, Laurentine, na lile sanduku lake moja magotini.

Bulandina aliinuka. "Mwana wangu! Ile si kahawa yetu? Nakwenda wapi?"

Erifazi alifungua mdomo. Akisema "mwizi", ataulizwa aliibiwa nani, na yeye na Laurentine walipatana nini. Wanawake ishirini walikuwa wamegeuza shingo, wanamngoja.

"Inakwenda kununulia watoto viatu, mama."

Ulikuwa uongo wake bora kuliko wote, na wa kwanza aliowahi kusema bure.

"Mungu ambariki," alisema Bulandina, akaketi tena, akanyoosha miguu. "Basi sisi nangoja hiyo viatu. Na wewe, mbona nasimama? Kimbia!"