Habari za Nusu Kichwa na Jua Lililozibwa

Njooni, enyi wenye nywele na enyi wenye vipara, enyi mnaongoja zamu kwenye mabenchi na enyi mnaoruka foleni kwa kisingizio cha haraka! Wekeni simu chini, zimeni redio, mwiteni na jirani aliyenuna, maana leo nasimulia jambo ambalo wafalme wa kale wangetoa ng'ombe kumi walisikie, nami nalitoa bure. Nasimulia jinsi kinyozi mmoja, kwa mikono yake miwili na macho yake aliyoyafumba, alivyolikomboa jua. Wala sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo mwenyewe, nimekaa kwenye benchi, wa pili kwenye foleni.

Shujaa wetu watu humwita Kisogo, si kwa kisogo chake, bali kwa visogo vya wengine alivyovitengeneza kwa miaka kumi na minne bila kumwaga damu ya mtu yeyote isipokuwa yake mwenyewe, mara mbili. Ndiye Mnyoosha Mistari, Mshinda Mba, Bwana wa Kiti Kizungukacho. Kiti chenyewe kiligoma kuzunguka tangu mwaka juzi, lakini cheo ni cheo. Mwaka huu Kisogo alikula kiapo kikubwa. Alikuwa amelichoka jenereta lililonguruma mlangoni pake na kuwafukiza wateja moshi hata wakawa wanatoka wamenyolewa huku wanakohoa. Akamgawia kaka yake jenereta hilo mbele ya mashahidi, akanunua paneli ya sola na betri yake, akaandika kwenye ubao kwa rangi nyekundu: HAPA TUNANYOA KWA JUA. Fundi sola akaja, akaifunga paneli juu ya kibanda cha uani, mahali panapopata jua tangu asubuhi hadi alasiri, kisha akaenda zake akiiacha ngazi, kwani fundi asiyesahau kitu bado hajazaliwa.

Miezi miwili jua likanyoa, na vichwa vikatii. Ndipo akaja mama mkwe.

Alikuja kumtembelea binti yake kwa wiki mbili, na alikuja kwa heshima zote zinazomstahili. Huyu si mama wa kukaa akipepewa. Ni mpaka rangi wa majengo aliyestaafu, aliyeishi miaka thelathini juu ya ngazi akitazama miji kutoka ghorofa ya nne na ndoo mkononi. Kisogo alimheshimu kwa heshima ile iliyo ndugu wa damu na woga. Yule akiwa uani, huyu yuko dukani. Yule akikohoa, huyu anapitia mlango wa mbele na kuizunguka nyumba nzima ili wasikutane njiani. Kwa siku tatu hakutia mguu uani, na kwa siku hizo tatu betri ikawa inalegea, naye akawa analaumu mawingu ambayo hakuna mwingine aliyeyaona.

Siku ya nne, saa nne na nusu asubuhi, Mwalimu aliingia na suti yake ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikaogopesha. Akakaa kitini, akafungwa kitambaa shingoni, akanena nasi kama anayeagana na wanajeshi wake.

"Ndugu zangu, leo saa sita kamili nina usaili wa ualimu mkuu. Miaka tisa nimekuwa msaidizi. Miaka tisa nimebeba funguo za ofisi isiyo yangu. Kisogo, kichwa hiki nakikabidhi mikononi mwako."

"Mwalimu," akajibu Kisogo, na mashine ya kunyolea ikimeta mkononi mwake, "hicho kichwa kitaingia kwenye usaili kabla yako."

Mashine ikaingia vitani upande wa kulia. Lo! Nywele zilianguka makundi kwa makundi, sikio likajitokeza, kipaji kikang'aa, ushindi ukawa unanukia. Ilipofika katikati ya utosi, juu kabisa, mashine ikapunguza sauti, ikaguna, ikakata roho. Kwenye betri ikawaka taa nyekundu. Kisogo akabonyeza kitufe mara saba. Akaipuliza. Akaipiga kofi la upole, akaiombea. Wapi! Mwalimu akajitazama kwenye kioo, nusu mwalimu mkuu na nusu kichaka, naye akakigusa kile kichaka kwa ncha ya kidole.

Baraza la vita likakaa papo hapo. Wembe? Mwalimu akiguswa na wembe huota vipele kichwa kizima, na vipele haviendi kwenye usaili. Mkasi? Ungemwachia ngazi ngazi kichwani. Kofia? Ingevuliwa mlangoni. Ikabaki kumpigia simu fundi sola, naye akauliza swali moja tu: "Umeangalia kama kuna kitu juu ya paneli? Majani, vumbi, kinyesi cha ndege?"

Kisogo akavuta pumzi, akaenda. Nilimsikia akipiga hodi mwanzoni mwa ua kana kwamba si kwake. Hakukawia. Alirudi upesi, akajiegemeza ukutani, uso umempauka.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna nguo."

"Nguo gani?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Za mama. Za ndani. Magagulo, jamani. Magagulo na mashumizi. Paneli nzima! Kaziwekea mawe pembeni zisipeperuke."

Hapo ndipo tulipouona ukubwa wa adui. Mama wa watu, kwa haya zake, alikataa kuanika nguo zake za ndani kwenye kamba, ambako mkwewe na wateja wake wangeziona. Akapanda juu ya kibanda, akakuta meza nyeusi, safi, ya kioo, yenye joto zuri, akamshukuru Mungu. Na kila alichokificha kisionekane na mkwe kilikuwa kimelala juu ya riziki ya mkwe huyo huyo.

"Kazitoe," akasema Mwalimu.

"Nani? Mimi? Nishike gagulo la mama mkwe?"

"Basi tumia fimbo."

"Mwalimu, una elimu lakini huna mkwe! Nikionekana nachokonoa gagulo la mama kwa fimbo, nitahamia wapi? Kuna mji gani utanipokea?"

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikawaambia kwa sauti ya kishujaa kwamba nilikuja kunyolewa, na nina heshima zangu.

Kisogo akampigia mkewe, aliyekuwa kazini kwenye duka la dawa. Alipomweleza, tulisikia kicheko kikitoka kwenye simu, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Mke wangu, acha kucheka. Nifanyeje?"

"Mwambie tu aanue nguo."

"Siwezi kulitamka hilo neno."

"Neno gani, 'nguo'?"

Kicheko kikarudi, simu ikakatika. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika kumi. Kisogo akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Akasema, "Nikishindwa, mwambieni mke wangu nilijaribu." Akatoka, nami nikamfuata kwa hatua tatu nyuma, kwa kuwa historia inahitaji shahidi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, miwani puani, akishona kifungo cha blauzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umekuja huku?"

"Nimekuja, mama. Nimekuja kusalimia. Jua la leo unalionaje?"

"Zuri sana. Linakausha."

"Ndiyo hilo, mama, linakausha mno. Ila sasa, mama, kuna vitu vinapenda jua, na kuna vitu vinaliomba jua, na wakati mwingine hivi vinavyopenda vinakuwa juu ya hivi vinavyoomba."

Mama akaitua sindano. "Unaumwa, mkwe?"

"Siumwi, mama. Nazungumzia maendeleo."

"Kama ni maendeleo, nikupongeze. Ile meza ya kuanikia uliyoiweka pale juu imenifaa sana. Inakausha kuliko kamba. Nimemwambia hata jirani: mkwe wangu ana akili."

Kisogo, aliyestahimili vichwa vya walevi na vya watoto wanaopiga mateke, akayumba. Ni pigo gani zito kuliko sifa usiyoistahili? Akasema, "Asante, mama." Akageuka kurudi akiwa ameshindwa, na nilimhurumia kwa moyo wangu wote.

Ndipo Mwalimu alipotokea. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. Saa tano ilikuwa imegonga. Alisimama katikati ya ua, kitambaa shingoni, suti chini yake, jua likimpiga upande wa kulia na kupotea upande wa kushoto. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Maskini, mwanangu! Nani kakunyoa hivi?"

"Mimi, mama," akasema Kisogo.

"Mbona hukumaliza?"

"Mashine inakula jua, mama. Na jua limezibwa."

"Limezibwa na nini?"

Macho hayana adabu: macho ya Kisogo yakapanda juu ya kibanda, ya Mwalimu yakayafuata, yangu nayo hayakubaki, na ya mama yakaenda kutazama yetu yanaenda wapi. Tukakutana wote wanne pale juu ya magagulo. Kisha wote wanne, kwa pamoja kama askari kwenye gwaride, tukatazama vidole vya miguu yetu. Kuku wa jirani alitupa maoni yake.

"Kumbe si meza," akasema mama.

"Ni meza pia," akasema Kisogo haraka. "Kwa namna yake."

Mama akainuka, akajifunga kibwebwe, akatoa amri kwa sauti iliyozoea kuwaamuru vibarua wa ghorofani. "Mwalimu na wewe wa benchi, geukeni mtazame ukuta. Ngazi hii mguu mmoja ni mfupi, binti yangu huwa ananishikia asubuhi akijua naanika kwenye bati. Leo hayupo. Mkwe, njoo ushike. Na ufumbe macho."

Sasa, enyi msikilizao, nipeni pumzi, maana tumefika kwenye vita vyenyewe. Mimi niligeuka, tena kwa uaminifu. Lakini jua lilikuwa nyuma yangu, na kila kilichotendeka kiliandikwa kwa kivuli ukutani mbele yangu, nami sikuambiwa nifumbe. Nikaona kivuli cha Kisogo kimekumbatia ngazi, shingo imepinda upande kama mtu anayekimbia sindano. Nikaona kivuli cha mama kikipanda, kidato kwa kidato, bila haraka wala woga. Nikasikia mawe yakiondolewa: moja, mbili, tatu. Shumizi la kwanza likatekwa. La pili. Kisha ukaja upepo, msaliti asiyealikwa, na gagulo moja jeupe, pana, lenye lesi, likamponyoka mama mkononi, likaelea hewani kwa madaha, likashuka na kutua juu ya kichwa cha Kisogo, likamfunika mpaka mabegani.

"Mkwe!" mama akapiga kelele. "Usiachie ngazi!"

"Siachii, mama!" ikajibu sauti kutoka ndani ya gagulo.

"Na usiliguse!"

"Siligusi, mama!"

"Na usifumbue macho!"

"Mama, hata nikifumbua!"

Akasimama hivyo, enyi wazee na vijana, akasimama! Jasho lilimtiririka, lesi ilimtekenya pua, chafya ikamjia naye akaimeza. Nilimsikia akiimeza, na sijui iliishia wapi. Ngazi ikacheza kwenye mguu wake mfupi, naye akaituliza kwa goti. Mwalimu kando yangu alikuwa anatetemeka mabega, nikidhani analia, kumbe anacheka na machozi yanamdondokea kwenye tai. Nami nikajiuma mkono, maana mtu akicheka mbele ya ushujaa huo anastahili kubaki na nywele zake milele. Kisogo akasimama hivyo mpaka mama aliposhuka kidato cha mwisho, akaliondoa gagulo mwenyewe kwa vidole viwili, akaingia ndani na mzigo wake wote kifuani na kufunga mlango.

"Fumbua," tukamwambia.

Akafumbua, na juu ya kibanda paneli ilikuwa inawaka kwa mwanga hata haikutazamika.

Robo saa tulikaa mbele ya betri, watu wazima watatu tumechuchumaa tukitazama taa ndogo. Nyekundu. Nyekundu. Ikapepesa. Kijani! Tukakumbatiana. Mashine ikaamka kwa mngurumo wa furaha, Kisogo akaushambulia upande wa kushoto, na msitu ule ukaanguka, na mstari wa kisogoni ukachorwa kwa mkono wa hakika. Saa tano na dakika thelathini na saba, kichwa kikawa kimoja. Mwalimu akajitazama kioo kwa mbele, akajitazama kwa pembeni, akampa Kisogo mkono kwa heshima ambayo huwapa wakaguzi wa shule, akatoka mbio kuelekea kwenye usaili wake.

Tukiwa tunamsindikiza kwa macho, tukasikia sauti ya mama mkwe uani, akizungumza na jirani juu ya ukuta, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Unamwona yule anayekimbia, kichwa kinang'aa? Kanyolewa hapa. Mashine ilikuwa imezimika kabisa, hakuna mwanamume hata mmoja aliyejua la kufanya. Jua nimelifungua mimi."

"Wewe mwenyewe?" akashangaa jirani.

"Kwa mikono yangu. Hawa walikuwa wametazama ukuta."

Nikamtazama Kisogo. Nikangoja aende kudai haki yake, maana hata mimi niliyekuwa nimetazama ukuta nilichomwa. Lakini yeye akaenda mpaka mwanzoni mwa ua, akakohoa kwa adabu, akasema kwa sauti kubwa, "Ni kweli, jirani. Ni mama. Mimi nilishika ngazi tu."

Jirani akamgeukia mama, na kuku naye.

"Lakini," akasema mama, "aliishika vizuri."

Basi wenye wino na waandike, na wenye nyundo wachonge kwenye jiwe, na wasio na chochote wakariri: siku ile jua lilipozibwa na likafunguliwa, palikuwa na ngazi yenye mguu mfupi, na palikuwa na kinyozi chini yake. Aliishika vizuri. Maneno hayo yalipomfikia Kisogo aliingia dukani akicheka peke yake, akakipangusa kiti, akanifunga kitambaa shingoni kwa madaha makubwa, akanyoa nusu ya kwanza ya kichwa changu huku anaimba.