Reli ya Mpui hadi Chanji Itajengwa

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeanza rasmi. Reli ya abiria, kutoka Mpui kijijini hadi Chanji hapa mjini. Asubuhi inaleta watu kazini na sokoni, jioni inawarudisha kwao. Tawi la Matai litafuata. Nimechora ramani kwa rula nyuma ya kalenda ya parokia. Mstari umenyooka vizuri sana.

Saa nne nilikuwa kwa afisa mipango, Bi Elizabeth. Binti mpole, mtu wa Mbeya. Akaniuliza upembuzi yakinifu uko wapi. Nikamfunulia kalenda. Akauliza nani atagharamia. Nikamwambia Serikali, ndiyo maana nimekuja ofisini na sikwenda baa. Akanieleza kwa upole kwamba hata darasa halianzi hivyo. Wananchi huinua boma kwa nguvu zao, Serikali ikija inamalizia kwa bati.

Nikasimama pale pale, nikamshukuru, nikatoka. Nadhani alifikiri nimekata tamaa.

Boma! Reli nayo ina boma lake: udongo ulioinuliwa, mrefu, ulionyooka. Tukiuinua sisi, Serikali italeta vyuma, itake isitake. Mimi nilifanya kazi stesheni ya Mpanda miezi saba, upande wa mizigo. Haya mambo nayajua.

Jumatano, 12 Februari

Ardhi imepatikana. Mama mkwe wangu, Bi Luciana, ana shamba kule Mpui lililopumzishwa miaka minne, linapakana na barabara, nyasi hadi kiunoni. Nikampigia simu. Shikamoo mama, nataka kukusafishia shamba. Katika miaka ishirini na mitano sijawahi kumsafishia hata kikombe. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni maendeleo. Akasema haya.

Nguvu kazi ipo. Huku kwetu Ufipa nzima mtu akitaka kulimiwa anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe. Kilichokosekana ni ulezi.

Stoo kuna gunia moja. Ni la jubilei yetu, Jumamosi ya tarehe mosi Machi, miaka ishirini na mitano ya ndoa, misa na karamu. Mke wangu Cornelia aliulima mwenyewe misimu miwili kwa ajili ya siku hiyo. Lakini mtu aangalie mbali. Wageni watakunywa na kusahau, reli itabaki. Nimeutoa ulezi wote, gunia nimelijaza pumba za mahindi, juu nikatandaza ulezi kidogo kwa sura. Mzigo umeondoka na lori kwenda kwa Scola, mpika pombe wa Mpui. Mimi nitaurudisha kabla ya tarehe mosi. Sijui kutoka wapi, lakini nitaurudisha.

Ijumaa, 14 Februari

Ndimyake kanikera. Huyu jirani yangu ana Noah mbili zinazobeba abiria wa Mpui, basi anajiona waziri wa uchukuzi. Kasikia habari za reli. Mbele ya watu kwenye duka la Isdori kaniuliza treni ikifika Chanji itageuzia wapi. Nikamjibu treni haigeuzi, kichwa kinahamishwa upande wa pili. Watu wakaniangalia kwa heshima. Akauliza hicho kichwa kinahamishwa na nani. Nikamwambia asubiri atakapokosa abiria ndipo aulize maswali.

Jioni Cornelia kanipimia koti la jubilei. Kaniambia nimepungua, nimependeza. Nikashindwa kumwangalia.

Jumamosi, 22 Februari

Siku kubwa. Siku mbaya.

Watu sitini walifika, majembe mabegani. Pombe ya Scola ilikuwa nzito, inanukia tangu barabarani. Nikafunga kamba mita mia moja, imenyooka kama nilivyoichora. Nikawahutubia. Udongo ufuate kamba, upana hatua nne, kimo cha magoti. Mzee Valerian, mkubwa wa wakulima pale, akauliza nyasi ziende wapi. Nikamwambia zitupwe. Akatikisa kichwa. Nilipaswa kuelewa hapo.

Nikawaacha nikamfuate Bi Elizabeth mjini, aje ashuhudie na kupiga picha. Nilimkuta sokoni anachagua nyanya. Nikamsihi mpaka akachoka. Gari pekee lililokuwa linaondoka ni la Ndimyake. Nikamlipa nauli adui yangu, ya watu wawili, naye akanirudishia chenji huku anatabasamu.

Tukafika saa tisa. Kamba haipo. Wameifungia kuni. Mbele yetu shamba zima limejaa matuta ya mviringo kama vichuguu, safi, yanalingana, nyasi zote zimefukiwa ndani zioze. Mia moja arobaini na tatu, nimehesabu. Ni kilimo chao cha tangu mababu, na wamekifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Nikamuuliza Valerian amefanya nini. Akasema walianza na kamba, wakafika hatua sita, mikono ikakataa. Nani atatupa nyasi nzuri namna ile na ardhi ina njaa? Mwaka huu maharage juu, mwakani vichuguu vinapasuliwa, unapandwa ulezi.

Mama mkwe alikuwa tayari anazunguka na kibakuli cha mbegu za maharage, anaimba.

Bi Elizabeth akapiga picha. Akanipongeza kwa dhati, akasema kazi nzuri, ila hii ni ya idara ya kilimo.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa Cornelia alitaka kuanza kusaga ulezi. Akaingiza mkono ndani ya gunia. Mkono ukatoka na pumba.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza kama ni kwa ajili ya treni. Nikasema ni reli, treni inakuja baadaye. Kisha akakunja nguo zake, akanikabidhi ufunguo, akasema anakwenda kwa mama yake, na Jumamosi nijioe mwenyewe. Ndimyake kampeleka bure.

Jumanne, 25 Februari

Siendi. Nimesema siendi. Waanzilishi wote hawakueleweka na wake zao. Ugali wangu leo umetoka uji, nikauongezea unga, ukatoka tofali. Nimekula.

Padre Cleophas kamtuma katekista. Jumamosi mpo au hampo? Wiki ijayo ni Jumatano ya Majivu, hakuna jubilei ndani ya Kwaresima. Nikamjibu tupo. Nyumba ilikuwa kimya sana alipoondoka. Nimeogopa. Naandika ukweli, nimeogopa.

Alhamisi, 27 Februari

Nimekwenda Mpui kwa baiskeli, mvua kichwani, maana gari la Ndimyake sipandi tena hata nikifa. Nimefika jioni, tope hadi masikioni.

Wazee walikwisha kaa. Valerian katikati, eti yeye ndiye mjomba wa Cornelia! Ndoa ya miaka ishirini na mitano na leo ndiyo najua. Wakanihoji mwanzo mwisho. Nikajitetea kwamba shamba la mama limelimwa lote kwa gunia moja tu, nani kafanya hivyo hapa? Mama mkwe akakubali kwa kichwa, akakumbuka yuko upande gani, akaacha. Faini: mbuzi mmoja, na kupalilia vichuguu vyote mia moja arobaini na tatu kwa mkono wangu.

Cornelia akauliza swali moja tu. Je, najuta? Nikataka kumweleza habari ya boma na Serikali. Nikamwangalia usoni. Amekonda. Nikasema najuta, hapo hapo mbele ya wakwe. Akaniletea maji ya kuoga.

Jumamosi, 1 Machi

Tumebarikiwa. Cornelia alivaa kitenge cha bluu, hakuna mwanamke aliyempita kanisani. Padre aliposema tushikane mikono, alinishika kwa nguvu mpaka pete ikaniuma.

Ulezi hakuna, watu wamekunywa chai na soda. Wageni wa Mpui walichelewa, gari moja liliharibika njiani. Nikaitwa kutoa shukrani. Cornelia akasimama nami, hajaniachia mkono, akaninong'oneza nishukuru tu, nikae. Nikamshukuru Mungu. Nikamshukuru padre, wakwe, wapishi. Hata Ndimyake nilimshukuru.

Nilikuwa nimemaliza kabisa. Lakini nikaona watu mia mbili wamekaa, wamechoka na safari, wametulia, wote wananisikiliza. Lini tena nitawapata? Nikawaomba wanyooshe mikono wale ambao leo wangekuja kwa treni kama ingekuwepo.

Arobaini na mmoja, na Bi Elizabeth mmojawapo. Mkono wa Cornelia haukuwa juu. Ulikuwa umeubana mkono wangu wa kulia kwa nguvu zake zote, ikabidi nihesabu kwa kidole cha kushoto.