Malalamiko Kuhusu Masikio ya Mitamba

Kinna, kupitia Isiolo
14 Machi 1979

Kwa Baba Mkubwa Guyo,
Isiolo Mjini.

Assalaam aleikum.

Ninaandika kulalamika, kwa heshima zote, kwamba umeniondoa kwenye ng'ombe wa marehemu baba yangu na kuniita dukani kwako nipime sukari. Mimi nina stashahada ya mifugo na malisho. Sukari hatukufundishwa. Serikali haijaniajiri bado, hivyo ng'ombe hawa ndio kazi yangu. Nikiwakosa, nimesoma bure.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Mchungaji wetu Yattani, uliyemtuma, aliitangaza amri yako kisimani mbele ya watu wote: "Bwana Diploma, unaitwa ukauze sukari. Hiyo haina masikio!" Akina mama waliokuwa wakichota walicheka hadi wakamwaga maji. Katika ukame huu, huo ni uharibifu wa maliasili.

2. Kosa ninaloshtakiwa ni kuwakata mitamba wetu mapengo mawili kwenye ukingo wa chini wa sikio la kushoto. Chuoni, hivyo ndivyo tulivyowatia alama ng'ombe ambao hawajazaa, na somo hilo nililipita vizuri sana. Hakuna mwalimu aliyenitajia kwamba hiyo pia ndiyo alama ya ukoo wa Mzee Denge. Mimi nimeishi bwenini tangu utotoni, ningejuaje?

3. Mzee Denge naye hana subira ya kitaalamu. Alipowaona mitamba wakinywa kwa zamu yetu, aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema: "Kijana wa Halkano, Mungu akubariki. Wengine hutuibia ng'ombe, wewe umetuongezea."

4. Kwa hiyo, dawa si kuniondoa mimi, bali kuziondoa alama za koo, ambazo hazimo katika kitabu chochote. Kila ukoo upewe namba. Wazee watakaopinga wahudhurie kozi fupi, na mtihani nitautunga mwenyewe. Mzee Denge akianguka, ataruhusiwa kurudia.

5. Naomba pia meza na kiti kisimani. Afisa hachuchumai.

Nisalimie Mama Kabale, watoto, majirani wote wa mtaani, na kila atakayeuliza habari zangu.

Mwanao mtiifu,
Ibrae Halkano
(Stashahada, Malisho)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nilipopata habari kwamba vijana wa Mzee Denge wamewachukua mitamba wote, wakienda wakiimba. Nilikimbia kuwadai. Mzee akaniuliza mbele ya watu ni nani aliyewatia alama, nami, kwa mazoea ya darasani, nikainua mkono. Baba Mkubwa, tafadhali njoo na wazee wetu. Useme wewe, mimi nitachuchumaa nyuma, kimya. Stashahada usiitaje kabisa. Waambie tu kwamba mtoto huyu hajui ng'ombe. Kikao ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, kisimani.